Ruta ya Pili Bila Kuua Mtandao: Mwongozo Kamili kwa Ofisi Ndogo, Shule na Steshenari

Swali linalorudi kila mara ni lile lile. Intaneti iko vizuri chumba cha mbele, Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma. Mtu ananunua ruta ya pili, anaichomeka, na muda si mrefu ofisi nzima inalalamika. Wengine hawapati intaneti kabisa. Wengine wanaipata, lakini printa haionekani tena.

Mara nyingi ruta zote mbili ni nzima na kebo ni nzima. Kinachokosekana ni kuelewa maneno sita ya mtandao: anwani ya IP, sabneti maski, lango, DHCP, DNS na MAC. Hapa utayajua kwa kuyatumia. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruta ya mtoa huduma, ikiwa imewaka na intaneti inafanya kazi. Nitaiita ruta kuu.
- Ruta ya pili. Hata ya zamani inafaa, mradi ina matundu yaliyoandikwa LAN.
- Kebo ya Cat5e au Cat6 ya shaba halisi. Boksi likiwa na herufi CCA, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi zaidi, lakini nyaya zake hukatika kirahisi kwenye kona na hupoteza nguvu njiani. Achana nayo.
- Vichwa vya RJ45, koleo la kubania na testa ya kebo. Ukinunua kebo iliyokwisha kubanwa, hivi vitatu huvihitaji.
- Laptopu ya Windows yenye tundu la kebo ya mtandao, au adapta ya USB yenye tundu hilo.
- Nywila ya kuingilia kwenye ruta kuu. Mara nyingi iko kwenye stika chini ya ruta. Kama haipo, mwombe mtoa huduma.
- Sindano au klipu ya karatasi ya kubonyeza kitufe cha kuriseti.
- Karatasi, kalamu na selotepu. Usiviache hivi. Anayeweka namba kichwani hukwama njiani.

## Hatua ya 1: Soma mtandao ulio nao

Unganisha laptopu kwenye ruta kuu kwa kebo na uzime Wi-Fi ya laptopu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

`ipconfig /all`

Yatakuja maandishi mengi. Tafuta sehemu yenye neno Ethernet, kisha nakili mistari sita.

IPv4 Address ni anwani ya IP ya laptopu yako, tuseme 192.168.1.23. Kila kifaa lazima kiwe na yake. Viwili vikishika anwani moja, vyote viwili huanza kukatika-katika.

Subnet Mask ndiyo sabneti maski, aghalabu 255.255.255.0. Inaonyesha sehemu gani ya anwani ni ya mtandao na sehemu gani ni ya kifaa. Hapa namba tatu za mwanzo, 192.168.1, ni za mtandao mzima, na ya mwisho ni ya kifaa. Kwa vifaa unaweza kutumia 1 hadi 254, kwa sababu 0 ni ya mtandao wenyewe na 255 ni ya kutangazia vifaa vyote kwa pamoja.

Default Gateway ni lango, tuseme 192.168.1.1. Chochote kinachotoka nje ya mtandao wako hupitia hapo. Hiyo ndiyo ruta kuu.

DHCP Server ni kifaa kilichoipa laptopu anwani. Kwa sasa kinapaswa kuwa ruta kuu hiyo hiyo. Ukumbuke mstari huu, maana ndiko kwenye chanzo cha matatizo mengi ya ruta ya pili.

DNS Servers ni wanaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Physical Address ni anwani ya MAC: tarakimu na herufi 12 ambazo kifaa hutoka nazo kiwandani, na sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. IP hubadilika ukihamia mtandao mwingine, MAC ya kadi ya laptopu hubaki.

Ruta yako inaweza kutumia 192.168.0.1, 192.168.100.1 au nyingine. Usinakili mifano yangu. Kila ninapoandika 192.168.1, weka namba zako.

*Umefanikiwa ikiwa* mistari yote sita iko kwenye karatasi. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, laptopu iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Angalia kebo kwanza, kisha ruta.

## Hatua ya 2: Pima kabla hujagusa kitu

Watu wengi huruka hatua hii, kisha hawajui kama tatizo ni lao au lilikuwepo tangu mwanzo. Fanya vipimo vitatu, kuanzia karibu kwenda mbali:

`ping 192.168.1.1`
`ping 8.8.8.8`
`ping google.com`

Cha kwanza kinauliza kama unafika kwenye lango. Kikishindwa, tatizo limo ndani ya jengo lako: kebo, Wi-Fi au anwani. Hakuna haja ya kumpigia mtoa huduma.

Cha pili kinakwenda kwenye seva ya Google kwa namba, bila kutumia jina. Lango likijibu na hiki kikashindwa, intaneti yenyewe haiji au ruta haijaunganishwa nje.

Cha tatu kinatumia jina. Cha pili kikipita na hiki kikagoma, intaneti ipo, ila DNS ndiyo mbovu. Mtu husema "hakuna mtandao" kumbe kilichokufa ni kugeuza majina tu.

Sasa kuna mtego. Soma majibu yenyewe, usiishie kwenye jumla iliyo chini. Windows inaweza kuandika hivi:

`Reply from 192.168.1.23: Destination host unreachable.`

Hilo si jibu la kifaa unachokitafuta. Anwani iliyotajwa ni ya laptopu yako mwenyewe, inakuambia imemtafuta huyo na haikumpata. Ubaya ni kwamba jumla ya chini bado itaandika `0% loss`, ukadhani mambo ni shwari. Jibu la kweli hutaja anwani uliyoiita, pamoja na `time` na `TTL`.

Zingatia pia kwamba baadhi ya seva za nje zimewekwa zisijibu ping. Ndiyo maana tunatumia 8.8.8.8, ambayo hujibu.

*Umefanikiwa ikiwa* vyote vitatu vinajibu, na lango linajibu ndani ya milisekunde moja au mbili kwa kebo.

## Elewa hili kabla ya kuendelea: kisanduku kimoja, kazi nyingi

Kile tunachokiita ruta ni vifaa kadhaa ndani ya kisanduku kimoja. Kuna swichi, ndiyo matundu ya LAN, inayounganisha vifaa vya ndani. Kuna kituo cha Wi-Fi. Kuna DHCP, inayogawa anwani. Na kuna ruta hasa, inayopitisha data kati ya mtandao wa ndani na tundu la nje lililoandikwa WAN au Internet. Ruta hiyo pia hufanya NAT, yaani huwezesha vifaa vyako vyote kutoka nje kwa kutumia anwani moja.

Ruta kuu tayari inagawa anwani na kupitisha data nje. Kutoka kwa ruta ya pili unahitaji Wi-Fi na swichi tu. Ukiiachia kazi zote, utakuwa na wagawaji wawili wa anwani, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kompyuta inayoomba anwani humsikiliza anayejibu kwanza. Leo itamsikiliza wa mbele, kesho wa nyuma, na wa nyuma ataitaja ruta ya pili kuwa lango ilhali haina njia ya kwenda intaneti.

Basi hatua zinazofuata zote ni za kuipunguzia kazi ruta ya pili.

## Hatua ya 3: Gawa anwani kwenye karatasi, kisha kwenye ruta kuu

Andika mpango huu:

- 192.168.1.1: ruta kuu
- 192.168.1.2: ruta ya pili
- 192.168.1.10: printa
- 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200: za kugawiwa na DHCP

Fungua kivinjari, andika `192.168.1.1`, ingia na nywila ya ruta. Tafuta ukurasa wa LAN au DHCP. Weka mwanzo wa kugawa uwe 192.168.1.100 na mwisho 192.168.1.200. Hizo ni anwani 101, zinazotosha ofisi ndogo pamoja na simu za wageni. Hifadhi.

Sababu ni hii: anwani unazoziweka kwa mkono lazima ziwe nje ya zile zinazogawiwa. Ukiipa printa 192.168.1.110, iko siku DHCP itampa mtu mwingine anwani hiyo hiyo, hasa printa ikiwa imezimwa.

Kuna watoa huduma wanaofunga ukurasa huu. Ukiukuta umefungwa, wapigie uwaombe wabadilishe. Ni ombi la kawaida.

*Umefanikiwa ikiwa*, baada ya kuandika `ipconfig /release` na kisha `ipconfig /renew`, laptopu yako inapata anwani kati ya 100 na 200. Zima na uwashe vifaa vingine navyo vichukue anwani mpya.

## Hatua ya 4: Kebo kutoka mbele hadi nyuma

Kwa kebo ya shaba mwisho ni mita 100. Zaidi ya hapo unahitaji swichi katikati au faiba.

Ukibana mwenyewe, tumia mpangilio wa T568B pande zote mbili. Shika kichwa kilimi chake kikiwa upande wa chini na mdomo wa kuingizia nyaya ukikutazama, kisha panga kutoka kushoto:

1. nyeupe yenye chungwa
2. chungwa
3. nyeupe yenye kijani
4. bluu
5. nyeupe yenye bluu
6. kijani
7. nyeupe yenye kahawia
8. kahawia

Kosa la kawaida liko kwenye namba 3 hadi 6. Mkono unataka kuweka kijani karibu na kijani, kumbe bluu mbili zinakaa katikati yake. Usifungue msokoto wa nyaya zaidi ya sentimita moja na kidogo, kwa sababu msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingilia nyingine. Hakikisha pia ganda la nje la kebo limeingia ndani ya kichwa na kubanwa nacho. Nyaya zikibaki wazi nje ya kichwa, kebo itakatika ikivutwa mara chache tu.

Usiilaze kebo sambamba na nyaya za umeme. Na kama chumba cha nyuma ni jengo jingine, tafuta fundi wa faiba. Shaba kati ya majengo mawili huleta radi ndani.

*Umefanikiwa ikiwa* taa za testa zinawaka 1 hadi 8 kwa mfuatano, pande zote mbili. Kama vifaa vyako vyote ni vya gigabiti lakini Windows inaonyesha kasi ya kiungo 100 Mbps badala ya 1000, mara nyingi waya mmoja kati ya namba 4, 5, 7 na 8 haujashika. Kasi ya 100 hutumia 1, 2, 3 na 6 tu, kwa hiyo kebo itaonekana nzima ilhali ni mbovu.

## Hatua ya 5: Andaa ruta ya pili ikiwa peke yake

Usiichomeke kwenye mtandao bado. Iwashe mezani, bonyeza kitufe cha kuriseti kwa sindano kwa takribani sekunde kumi, na usubiri iwake upya. Unganisha laptopu kwenye tundu lake la LAN.

Endesha `ipconfig`, usome lango, uliandike kwenye kivinjari, na uingie. Kisha fanya mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, Wi-Fi na nywila. Weka jina la Wi-Fi, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila), na ubadilishe nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Ruta iliyoachwa na nywila ya kiwandani iko wazi kwa kila aliye kwenye Wi-Fi yako.

Pili, anwani ya ruta. Kwenye ukurasa wa LAN badilisha anwani iwe 192.168.1.2, sabneti maski 255.255.255.0. Ruta itawaka upya na ukurasa utakwama. Hilo ni la kawaida, kwa sababu imehamia anwani nyingine. Chomoa kebo, chomeka tena, kisha ingia kwa `192.168.1.2`.

Tatu, zima DHCP. Ichague Disable na uhifadhi.

DHCP huzimwa mwisho kwa makusudi. Ukiizima mwanzo, ukichomeka tena laptopu haitapata anwani, itajipa 169.254, na hutaweza kuingia kumalizia. Likikutokea, iwekee laptopu anwani kwa mkono yenye namba tatu za mwanzo sawa na za ruta ya pili kwa wakati huo, tuseme 192.168.1.50 na maski 255.255.255.0, uingie, na ukimaliza uirudishe kwenye kupata anwani yenyewe. Laptopu ikibaki na anwani ya mkono, itakusumbua kwenye kila mtandao mwingine utakaokwenda.

Baadhi ya ruta zina chaguo la Access Point linalofanya mengi ya haya kwa mpigo mmoja. Litumie ukiwa nalo, kisha hakiki matokeo kwa vipimo vya hatua ya 6.

*Umefanikiwa ikiwa*, ukiendesha `ipconfig /renew` sasa, laptopu haipati anwani. Kwa mara hii tu, kushindwa ndiko tunakotaka: ruta ya pili imeacha kugawa.

## Hatua ya 6: Unganisha LAN kwa LAN

Chukua kebo inayotoka tundu la LAN la ruta kuu, uichomeke kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN la ruta ya pili libaki tupu. Lizibe kwa selotepu, asije mtu wa usafi au mwenye nia njema akahamishia kebo hapo.

Kwa nini si WAN? Nje ya hali ya Access Point, ukitumia WAN ruta ya pili hujenga mtandao wake mwingine nyuma ya wa kwanza. Intaneti inaweza kupita, na ndiyo maana watu hudhani wamemaliza. Lakini kompyuta ya mbele haitaiona printa ya nyuma, kwa sababu ukuta wa NAT umesimama katikati. Na kama mitandao yote miwili inatumia 192.168.1, hata intaneti yenyewe inaweza kugoma.

Weka kebo moja tu kati ya ruta hizi mbili. Kebo mbili hazileti kasi mara mbili. Zinatengeneza mzunguko, ujumbe wa matangazo unazunguka bila kikomo, na mtandao mzima unaganda. Dalili yake ni taa za matundu yote kuwaka na kuzima kwa kasi kwa pamoja. Ukiiona, chomoa kebo moja.

Sasa nenda chumba cha nyuma, unganisha laptopu kwenye ruta ya pili, andika `ipconfig /all`.

*Umefanikiwa ikiwa* anwani iko kati ya 192.168.1.100 na 200, Default Gateway ni 192.168.1.1, na DHCP Server ni 192.168.1.1. Kisha rudia vipimo vitatu vya hatua ya 2 na uongeze `ping 192.168.1.2`. DHCP Server ikionyesha 192.168.1.2, hukuhifadhi mabadiliko ya hatua ya 5. Rudi ukaizime.

## Hatua ya 7: Wi-Fi za vyumba viwili

Zipe ruta zote mbili jina moja, nywila moja na aina moja ya ulinzi, ili simu ihame yenyewe mtu akitembea. Kwenye masafa ya 2.4 GHz weka ruta kuu kwenye chaneli 1 na ya pili kwenye 6 au 11. Chaneli hizi tatu haziingiliani. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, lakini huchoka haraka mbele ya ukuta wa tofali.

## Hatua ya 8: Ipe printa anwani ya kudumu

Hii ndiyo inayomaliza lile tatizo la printa kufanya kazi jana na leo kuandika Offline. Umeme ulikatika, ukarudi, printa ikaomba anwani na kupewa nyingine. Kompyuta bado zinaitafuta kule kwa zamani.

Kwenye menyu ya printa, sehemu ya mtandao, chagua Manual au Static na uweke: IP 192.168.1.10, maski 255.255.255.0, lango 192.168.1.1. Njia nyingine ni kuingia ruta kuu na kuifunga MAC ya printa kwenye anwani hiyo. Chagua mojawapo. Kisha kwenye kila kompyuta ongeza printa kwa kutumia anwani yake ya IP.

*Umefanikiwa ikiwa* `ping 192.168.1.10` inajibu ukiwa chumba chochote, na printa inachapa hata baada ya kuzima na kuwasha kila kitu.

## Hatua ya 9: Majina yakigoma

Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na tovuti hazifunguki, andika:

`nslookup google.com 1.1.1.1`

Hapo unaiuliza seva ya Cloudflare moja kwa moja. Ikikupa anwani, DNS unayotumia ndiyo yenye kasoro. Ingia ruta kuu, ukurasa wa DHCP, weka DNS 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Kompyuta zote zitazipata zikiomba anwani upya. Kwenye kila kompyuta maliza kwa `ipconfig /flushdns` ili isahau majibu ya zamani.

## Kuhusu kasi

Mtoa huduma anauza Mbps, yaani megabiti. Kivinjari kinaonyesha MB, yaani megabaiti. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo kifurushi cha 20 Mbps kinakupa 2.5 MB kwa sekunde. Faili la MB 700 litachukua karibu dakika tano, na hujaibiwa. Kabla ya kulalamika, pima kwa kebo ukiwa kwenye ruta kuu, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kasi ikiwa sawa hapo na ndogo chumba cha nyuma, kasoro iko kwenye kebo au Wi-Fi yako.

## Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Bandika karatasi yako ya anwani ukutani karibu na ruta kuu, bila nywila. Siku intaneti ikikatika, fanya vipimo vitatu kwanza, kisha sema ulichokiona: "Nimeunganisha kwa kebo kwenye ruta yenu. Lango linajibu, 8.8.8.8 haijibu." Kama ni faiba na taa ya LOS inawaka nyekundu, litaje hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku. Mara nyingi kebo ya faiba imekatika au imekunjwa mahali, na hapo fundi wao lazima aje. Usikubali kuambiwa uriseti ruta kuu wakati taa hiyo ni nyekundu. Kuriseti hakuunganishi faiba, na kutaifuta mipangilio yote ya hatua ya 3.